Seva moja, klasta, gridi au klaudi? Ulinganisho kwa watafiti walio Mombasa

Watafiti wa pwani wakikaa kupanga bajeti ya hesabu kubwa, mazungumzo huanza na "tununue mashine gani?" Swali hilo huja mapema mno. Yapo matatu yanayolitangulia. Kazi yenyewe imekaaje: vipande vyake vinahitaji kupashana habari vikiwa mbioni, au kila kimoja kinajiendea kivyake? Data iko wapi leo, kwenye diski Tudor au kwenye ghala Frankfurt? Na nani atakayeishughulikia mashine Jumapili alasiri stima ikipotea? Anayejibu haya matatu kwa ukweli hujikuta amebakiwa na chaguo mbili tu, wakati mwingine moja.

Ili ulinganisho usielee hewani, tunachukua kazi nne za mfano, za aina inayofanywa hapa pwani, na kuzipitisha katika kila miundombinu. Ondoa namba zetu, weka zako.

Kazi nne za kupimia

Ya kwanza ni modeli ya mikondo ya bahari, tuseme kutoka Pemba hadi Lamu, kwa programu kama ROMS au CROCO. Bahari inagawanywa vyumba 500 kwa 800, na tabaka 40 kwenda chini, yaani vyumba milioni 16. Ya pili ni DNA ya matumbawe: sampuli 300, kila moja ikiwa na GB 6 za faili zilizobanwa, jumla TB 1.8. Ya tatu ni picha za setilaiti za Sentinel-2 kwa ajili ya mikoko ya Tudor, Mtwapa na Gazi. Ya nne ni makadirio ya akiba ya samaki yanayorudiwa mara 5,000 kwa namba za kubahatisha, kila marudio yakichukua dakika 10 kwenye kiini kimoja cha kichakataji.

Katika nne hizi, ya kwanza peke yake ndiyo yenye vipande visivyoweza kuachana. Kila kiini hupewa kipande chake cha bahari, na kila hatua ya hesabu lazima kiulize majirani thamani za ukingoni: maji yamepanda kiasi gani, yanakwenda upande gani. Ikiwa hatua kubwa ni ya sekunde 60, na ndani yake mna hatua ndogo 60 za uso wa bahari, siku moja ya modeli ina mabadilishano 86,400. Mwaka mmoja, ili upate kaskazi na kusi zote, ni milioni 31.5.

Sasa piga hesabu ya kusubiri tu, bila kazi yenyewe. Ndani ya klasta (kompyuta nyingi zilizounganishwa zifanye kazi kama moja) yenye InfiniBand, aina ya mtandao wa kasi wa ndani, ujumbe huchukua mikrosekunde 2 hivi: jumla ni dakika moja na nukta kidogo kwa mwaka mzima wa modeli. Kwenye Ethaneti ya kawaida, kwa mikrosekunde 50, ni dakika 26, jambo linalovumilika. Ukizigawa nodi (kompyuta za klasta) kati ya miji miwili iliyo mbali kwa milisekunde 10, kusubiri kunakuwa zaidi ya siku tatu na nusu. Kwa milisekunde 100, umbali wa kwenda Ulaya na kurudi, ni siku 36. Tatizo hili halimalizwi kwa kununua intaneti ya kasi zaidi, maana mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, na kila kilomita 1,000 hugharimu milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Kazi ya aina hii hukaa chumba kimoja, basi.

Hata kuongeza viini kuna kikomo. Kwa viini 240, kila kimoja hupata kipande cha vyumba 41 kwa 41, na vya ukingoni ni kama sehemu moja ya kumi. Kwa viini 960 kipande kinashuka hadi 20 kwa 20, na ukingo unakuwa moja ya tano. Unalipia viini mara nne, lakini kasi haiji mara nne.

Seva moja nzuri: chaguo linalodharauliwa

Chukua kazi ya DNA. Kulinganisha sampuli moja na jenomu rejea, tuseme, kunachukua saa 2 kwa viini 8 na GB 16 za kumbukumbu. Seva ya viini 64 yenye GB 256 za kumbukumbu huendesha sampuli 8 kwa pamoja. Sampuli 300 zinamalizika kwa saa 75 au 76, siku tatu na ushei. Kuzituma hizo TB 1.8 nje kwa laini ya megabiti 100 kwa sekunde, ikijaa wakati wote bila kuyumba, ni saa 40. Zaidi ya nusu ya muda wa kumaliza kazi nyumbani unaliwa na safari ya data peke yake, na bado hujasubiri foleni, hujarudisha majibu.

Ndiyo maana tunasema bila kusita: kwa jenomu za mamia ya sampuli, seva moja iliyopimwa vizuri huishinda gridi (vituo vingi vya mbali vinavyogawana kazi). Makosa huwa kwenye diski, si kwenye kichakataji. Hatua za kati (faili zilizolinganishwa, kisha zilizopangwa, kisha zilizoondolewa nakala) huzaa mara tatu hadi nne ya data ya mwanzo. Kwa TB 1.8 tenga TB 7 za nafasi ya kazi, nje ya nafasi ya kuhifadhi. Diski ikijaa usiku wa manane programu nyingi hazilalamiki kwa sauti. Huacha faili iliyokatika katikati ambayo hatua inayofuata huisoma kana kwamba ni nzima. Weka SSD za NVMe (diski za kasi) kwa faili za kati, diski za kawaida kwa hifadhi, na nakala rudufu kwenye jengo jingine kabisa. RAID (diski kadhaa zinazobebana) inakulinda na diski iliyokufa. Haikulindi na mtu aliyefuta folda.

Klasta yako mwenyewe pwani

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Nodi kumi za soketi mbili, zikifanya kazi kwa nguvu zote, hula karibu wati 600 kila moja: kilowati 6. Kila wati inayoingia hutoka kama joto, hivyo unahitaji kiyoyozi cha kuondoa BTU 20,500 kwa saa kwa ajili ya seva tu, na cha pili cha ukubwa uleule kikae akiba. Kwa mwezi wa siku 30 seva hula uniti 4,320 za stima. Ongeza viyoyozi na hasara za UPS (betri za akiba), na kwa joto la pwani jumla huweza kukaribia 7,500. Zidisha kwa bei ya uniti iliyo kwenye bili ya taasisi kabla ya mtu yeyote kusaini oda.

Kisha hewa yenyewe. Mombasa kwa miezi mingi mvuke uliomo hewani hugeuka matone ukigusa kitu chenye joto la chini ya nyuzi 24 hivi. Mafundi wengi hutegesha kiyoyozi nyuzi 16 wakidhani baridi zaidi ni salama zaidi. Mlango ukifunguliwa, hewa ya nje inakutana na chuma baridi na unyevu unashika kwenye viunganishi vya kumbukumbu na kadi za mtandao, ukiwa na chumvi ya bahari ndani yake. Miezi michache baadaye nodi inaanza kupoteza kumbukumbu bila mpangilio, na kila mtu analaumu programu. Mwongozo wa ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi, unapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Tegesha 25 au 26, ziba madirisha kwa mpira, weka mlango wa pili, na ununue kiyoyozi ambacho koili yake imepakwa dawa ya kuzuia kutu. Ule mtindo wa kupooza seva kwa hewa ya nje, unaosifiwa katika nchi za baridi, usiulete hapa.

Kosa jingine la kawaida ni UPS kubeba seva huku kiyoyozi kikiwa nje ya UPS. Stima inakatika, seva zinaendelea, kiyoyozi kimezima. Kilowati 6 katika chumba cha mita za ujazo 30 hupandisha joto la hewa kwa nyuzi kadhaa kila dakika. Betri zinaweza kuwa na chaji ya nusu saa. Chumba hakina nusu saa. Programu ya UPS ipangwe izime nodi baada ya dakika 3 hadi 5 za kukosa stima, isingoje betri iishe, na iwe na kipimajoto kinachozima kila kitu joto likifika 35. Hakikisha pia kiyoyozi ni cha aina inayojiwasha yenyewe stima inaporudi. Vipo vingi vinavyobaki vimezima hadi mtu aje na rimoti, na seva zilizojiwasha zenyewe huchemka peke yao usiku kucha.

Mashine za msaada zina mtego wake. Ranger, kompyuta kubwa ya Chuo Kikuu cha Texas yenye viini 62,976, ilianza kazi 2008 na kustaafishwa 2013. Sehemu ya makabati yake ililetwa Afrika ili kufundishia na kuanzishia vituo. Kwa mafunzo ni zawadi ya maana, maana mwanafunzi anajifunza Slurm (programu ya kupanga foleni ya kazi) na MPI (njia ya nodi kupashana habari) kwenye mashine halisi. Lakini nodi ya wakati ule ilikuwa na viini 16 katika soketi nne. Kichakataji kimoja cha leo kina zaidi ya hivyo na hula umeme mchache kwa kazi ileile. Ukipewa za bure, piga hesabu ya stima ya miaka mitatu, uilinganishe na bei ya seva moja mpya.

Na mtu. Klasta ya nodi kumi inahitaji angalau nusu ya muda wa mtaalamu mmoja anayejua Linux, Slurm na mfumo wa faili wa pamoja, na mwingine wa kumshikia nafasi. Ikiwa mradi una pesa za vifaa lakini hauna mshahara huo, usijenge klasta.

Klasta ya taasisi nyingine

Kwa modeli ya bahari hili ndilo jibu letu la kwanza. Nairobi, ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ina klasta iliyotumiwa sana na watu wa bioinfomatiki. Cape Town, kituo cha kompyuta kubwa cha CHPC kilizindua klasta ya Lengau 2016: nodi 1,368 zenye viini 24 kila moja, jumla 32,832, zimeunganishwa kwa InfiniBand, uwezo wa petaflopu moja, yaani hesabu trilioni elfu kwa sekunde. Mlango wa kawaida kwa aliye Kenya ni ushirikiano: mtafiti mwenzako mwenye mradi kule anakuongeza kwenye kundi lake. Kenya ni mojawapo ya nchi washirika wa Afrika katika mradi wa darubini ya SKA, na uhusiano huo umefungua milango ya mafunzo ya kompyuta kubwa kwa nchi hizo.

Modeli yetu ingeomba nodi 10, viini 240. Foleni ya kawaida ya Lengau huruhusu saa 48 kwa kazi moja, kwa hiyo mwaka wa modeli hukatwa vipande. Hapa faili za kuanzia upya ni lazima: iamuru modeli iandike hali yake kamili kila baada ya saa 6 za saa ya ukutani, na weka faili mbili zinazopokezana, maana kazi ikikatwa katikati ya kuandika, faili moja huharibika. Ukiomba saa 48 kamili utangoja zaidi kwenye foleni kuliko aliyeomba 12, kwa kuwa mpanga-foleni huchomeka kazi fupi kwenye mianya. Kata vipande vya saa 12 uvifunge kwa mnyororo, kimoja kianze kingine kikiisha salama.

Angalia pia unachorudisha nyumbani. Joto, chumvi na mikondo mitatu, kwa namba za baiti 4, ni MB 320 kwa kila picha ya modeli. Ukihifadhi mara moja kwa siku ni GB 117 kwa mwaka. Ukihifadhi kila saa ni TB 2.8. Mtafiti wa kupwa na kujaa anahitaji kila saa, lakini kwa kawaida ni kwenye uso na kwenye vituo vichache. Modeli hizi zina sehemu ya kutaja vituo hivyo, na kuijaza huokoa siku kadhaa za kupakua.

Kompyuta za maabara zikilala

Chuo chenye kompyuta 40 za maabara, kila moja viini 4, kina viini 160 ambavyo kuanzia saa moja jioni hadi saa moja asubuhi havifanyi kitu. Kazi ya nne, marudio 5,000 ya dakika 10, ni saa 833 za kiini. Kwa viini 160 ni saa 5 na robo: usiku mmoja, bila kununua chochote.

Programu ya kufanya hivyo ni HTCondor, iliyoanza Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison 1988 kwa kusudi hilihili la kutumia kompyuta zinazokaa bure. Mashine moja inakuwa msimamizi, nyingine zinajitangaza zikiwa huru, na mwanafunzi akigusa kibodi kazi inaondoka na kupangiwa kwingine. Vinavyoharibu ni vitatu. Mlinzi au fundi anazima swichi kuu ya maabara saa mbili usiku, kwa hiyo mapatano na usimamizi yaje kabla ya programu. Kumbukumbu ya GB 8 ikigawanywa kwa kazi nne ni chini ya GB 2 kila moja, baada ya kutoa ya mfumo. Andika ombi la kumbukumbu kwenye faili ya kazi, la sivyo mashine itaanza kutumia diski kama kumbukumbu na kukwama. Tatu, viyoyozi vya maabara vikizimwa usiku wa Machi, kompyuta hupunguza kasi zenyewe ili zisiungue. Muda wa usiku upime kwa usiku, usikisie kwa jaribio la mchana.

Kwa kazi ya DNA njia hii haifai. GB 6 kwa kila sampuli kupitia swichi ya zamani ya maabara, na kumbukumbu ya GB 16 ambayo hakuna kompyuta yenye nayo.

Gridi za kimataifa

Gridi ni vituo vingi vilivyokubaliana kuendesha kazi za wanachama wa ushirika mmoja. Kubwa kuliko zote ni ile ya CERN, kituo cha fizikia cha Ulaya, iitwayo WLCG, yenye vituo zaidi ya 160 katika nchi zaidi ya 40, inayochambua data ya LHC, mashine ya kugonganisha chembe. Ulaya iko EGI, yenye makao Amsterdam. Marekani iko OSG. Ubora wake ni mkubwa kwa kazi iliyokatika vipande elfu nyingi, kila kipande kikiwa kiini kimoja, GB chache za kumbukumbu, muda wa kati ya dakika kumi na saa kumi hivi. Makadirio ya samaki yanaingia humo bila shida. Yakiwa marudio milioni badala ya 5,000, gridi ndiyo chaguo.

Lakini huingii kwa kulipa. Unaingia kwa kuwa mwanachama wa ushirika wa utafiti unaotambulika, wenye mtu anayeshughulikia vyeti au tokeni za utambulisho, na programu iliyofungwa ili ikimbie popote. Kama mradi wako tayari una mshirika wa aina hiyo, tumia. Kama huna, kuanzisha ushirika kwa ajili ya kazi moja hakulipi.

Tuipitishe DNA hapa ili shida ionekane. Kazi 50 zikianza kwa pamoja kwenye vituo mbalimbali, zote huvuta faili zake kutoka seva yako Mombasa. Laini ya megabiti 100 inagawanyika kuwa megabiti 2 kwa kila kazi, na GB 6 huchukua saa 6 na dakika 40 kufika. Huko kwenye kituo kazi imeshika nafasi ikisubiri, haihesabu lolote, na vituo vingine huiua kwa sababu hiyo. Data ikishapelekwa mara moja kwenye hifadhi ya gridi yenyewe mambo hubadilika, ila hizo saa 40 za mwanzo hazikwepeki.

Na tarajia kufeli. Katika vipande maelfu vingine vitafukuzwa, vingine vitakosa faili, vingine vitazidi kumbukumbu na kuwekwa kando. Andaa skripti inayohesabu majibu yaliyofika na kukagua ukubwa wa kila faili, kisha irudishe yaliyokosekana peke yake. Asiyefanya hivyo huchapisha matokeo ya vipande 4,870 akidhani ni 5,000.

Klaudi

Klaudi za kibiashara, yaani kompyuta za kukodi kupitia intaneti, zimesogea: AWS ya Amazon ilifungua kituo Cape Town 2020, Microsoft Johannesburg 2019, Google Johannesburg 2024. Ukaribu huo ni mzuri kwa tovuti na kwa watumiaji wanaosubiri jibu. Kwa utafiti mkubwa, data iliko ni muhimu kuliko wewe uliko.

Kazi ya tatu inaonyesha hili wazi. Picha moja ya Sentinel-2 hufunika kilomita 110 kwa 110 na ina ukubwa wa karibu MB 800. Kwa setilaiti mbili eneo hupigwa kila siku 5, yaani picha 73 kwa mwaka, GB 58 kwa kigae kimoja (eneo la picha moja). Vigae vinne vya pwani kwa miaka minane ni karibu TB 1.9, na nyingi kati ya picha hizo zimefunikwa na mawingu, hasa wakati wa masika. Kuzipakua zote ni kupoteza laini. Kwenye AWS, mkusanyiko wa picha hizi katika muundo unaosomeka kwa vipande umewekwa Oregon, na ule wa picha za awali uko Frankfurt. Washa mashine kwenye kituo kilekile chenye data, soma eneo la mikoko peke yake, rudisha jedwali la MB chache. Anayewasha mashine Cape Town kwa kuwa ni Afrika ataivusha data yote bahari mbili bila sababu.

Kwa wengi, Google Earth Engine, huduma ya kuchambua picha za setilaiti mtandaoni, inatosha kabisa na ni bure kwa utafiti usio wa biashara. Ikikuambia kumbukumbu imezidi, ongeza thamani ya tileScale hadi 4 au 8, na badala ya kuonyesha matokeo kwenye skrini, yatoe kama kazi ya usafirishaji. Hesabu za papo kwa papo hukatwa baada ya dakika 5.

Modeli ya bahari kwenye klaudi? Inawezekana. Mashine ya vCPU 96 ni karibu dola 4 kwa saa katika vituo vya Marekani, na vCPU mbili ni kiini kimoja halisi. Viini 240 ni mashine tano, dola 20 kwa saa, dola 960 kwa saa 48, na lazima ziombwe katika kundi moja la ukaribu na kadi ya mtandao ya kasi, la sivyo utalipia kusubiri. Kuna mashine za bei ya mabaki, hadi asilimia 90 chini, lakini zinaweza kuchukuliwa ghafla: AWS hutoa onyo la dakika 2, Google na Azure sekunde 30. Kwa vipande vya DNA hilo linavumilika. Kwa modeli ya nodi tano, moja ikichukuliwa zote zimesimama.

Bili hushtua mahali pawili. Kutoa data nje ni karibu senti 9 za dola kwa GB Marekani na Ulaya, na zaidi ya senti 15 Cape Town; TB 2.8 za matokeo ya kila saa ni dola 250 au zaidi ya 400. Na diski: kuzima mashine hakufuti diski zake, nazo hudaiwa kila mwezi hadi mtu azifute. Onyo la bajeti hutuma barua pepe tu, halisimamishi matumizi. Isitoshe bili ni ya dola na hudai kadi, ilhali ofisi za manunuzi za taasisi za umma zimezoea zabuni na hati za shilingi. Lianze mapema suala hilo na mhasibu.

Kompyuta za wanaojitolea

SETI@home, iliyotumia kompyuta za watu majumbani kutafuta ishara za viumbe wa anga za mbali, ilianza 1999 na kuacha kugawa kazi Machi 2020. BOINC, programu iliyozaliwa kutokana nayo, bado inatumika. Folding@home, ya utafiti wa protini, ilipita eksaflopu moja (petaflopu elfu) mwaka huohuo wa 2020 watu walipojitokeza kwa ajili ya korona. Nguvu ipo. Lakini mgeni hawezi kuaminiwa bila kukaguliwa, hivyo kipande kimoja hutumwa kwa watu wawili au zaidi na majibu kulinganishwa. Na lazima uwe na seva ya saa 24, programu kwa Windows, Mac na Linux, na mtu wa kuongea na wanaojitolea kwa miaka. Kwa mradi wa ruzuku ya miaka mitatu, jibu letu ni hapana.

Njia ya kupitishia data

Mombasa ina bahati ya kebo za intaneti za chini ya bahari: SEACOM na TEAMS zilianza kazi 2009, EASSy 2010, LION2 2012, kisha PEACE. Hata hivyo Mei 2024 EASSy na SEACOM ziliharibika pamoja na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba kwa siku kadhaa. Usipange kazi inayotegemea laini kuwa hai kila dakika. Vyuo vilivyo chini ya KENET, mtandao wa elimu na utafiti wa Kenya, hupata pia njia ya mitandao ya utafiti kupitia UbuntuNet hadi Ulaya, ambayo mara nyingi ni tulivu kuliko ya kibiashara; mwombe msimamizi wa mtandao athibitishe data yako inapita wapi.

Mwendo wa polepole mara nyingi si kosa la laini. Kompyuta hutuma kiasi fulani cha data kisha hungoja kuthibitishiwa. Kiasi hicho kikiwa KB 64 na safari ya kwenda na kurudi ni milisekunde 150, hupati zaidi ya megabiti 3.5 kwa sekunde hata kwenye laini ya gigabiti. Kujaza gigabiti kwa umbali huo unahitaji karibu MB 19 zikiwa njiani. scp, amri ya kawaida ya kunakili faili kwa mtandao, ina kikomo chake cha ndani cha MB 2, kwa hiyo hukwama kwenye megabiti 110 hivi. Tumia programu ya Globus, au rclone yenye mikondo 8 hadi 16 sambamba, na ulinganishe alama za ukaguzi za faili pande zote mbili. Faili ndogo laki moja zifunge kwanza ziwe mafungu ya GB chache.

Data za wagonjwa ni habari nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka masharti kwa taarifa za afya zinazovuka mpaka, na ruhusa ya kamati ya maadili mara nyingi hutaja mahali pa kuhifadhia. Matumbawe hayana siri, binadamu anazo. Kwa hizo anza na seva ya ndani au klasta iliyo nchini.

Kabla ya kuomba pesa

Funga programu zako zote kwenye kontena la Apptainer (kifurushi kinachobeba programu na vyote inavyohitaji), kwa kuwa klasta nyingi hukataa Docker inayotaka mamlaka ya msimamizi mkuu. Andika hatua zake kwa Nextflow au Snakemake, ambazo hupeleka kazi ileile kwenye seva moja, Slurm, HTCondor au klaudi kwa kubadilisha faili ya mipangilio. Kisha chukua sampuli tatu kati ya 300, ndogo, ya kati na kubwa kuliko zote, na uziendeshe kwenye mashine yoyote uliyo nayo ukirekodi mambo manne: muda, kilele cha kumbukumbu, nafasi ya diski iliyotumika kazi ikiwa katikati, na GB zilizoingia na kutoka. Kwa modeli, endesha siku tano za bahari kwa viini 24, 48, 96 na 192, uandike muda wa kila moja. Panapoacha kushuka kwa maana, hapo ndipo pa kuomba. Ombi la nafasi Cape Town au Nairobi lenye jedwali hilo hujibiwa upesi kuliko lenye kurasa kumi za maelezo, na mfadhili akiuliza kwa nini seva ya TB 7 na si ya 4, jibu liko kwenye safu ya tatu.